Kamera Mbili na Picha ya Mkunga

Watu walimwita Mama Kivuli, na jina hilo hakupewa bure. Mteja akitaka kupigwa picha nje ya studio yake, hata kabla hajafunga kifungo cha koti, alikuwa ashamsikia: "Sogea kivulini, mwanangu. Kidogo tena. Hapo hapo." Bwana harusi alisogezwa kivulini, mhitimu na joho lake alisogezwa kivulini, na siku mwenye bucha alipotaka picha ya fahali wake, fahali naye alivutwa kamba mpaka kivulini. Picha yake bado imetundikwa buchani juu ya mizani, japo fahali mwenyewe alishakwenda zake kwa kilo.

Studio ilikuwa chumba chembamba kwenye kona ya mtaa wa soko. Ukutani palikuwa na pazia jeupe la picha za familia na pazia la bluu la picha za pasipoti. Katikati palikuwa na stuli ya mbao yenye mguu mmoja mfupi, uliokingwa kwa kipande cha boksi. Kando ya kioo kitana kilining'inia kwa kamba, kwa kuwa vitana vilivyotangulia vilikuwa vimeota miguu. Nyuma ya pazia la bluu kulikuwa na mlango wa kwenda kwenye duka la mumewe, fundi cherehani, na watu walitania kwamba kijana akiingia kwa fundi na kandambili na wasiwasi, hutokea kwa Mama Kivuli na suti na ushahidi.

Kazi hiyo alijifunza kwa mjomba wake enzi za filamu, na mpaka leo alikuwa akisema filamu ilikuwa na huruma kwa vitu vyeupe. Gauni la bi harusi lingeweza kusimama kwenye jua la mchana na bado ukaona lesi yake. Kamera za dijitali zilipoingia alizipokea kwa bashasha, na harusi ya kwanza ikamtoa jasho. Gauni lote lilikuwa limeungua. Kwenye picha lilibaki bapa jeupe tupu, halina lesi wala mkunjo, kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Bwana harusi pembeni alikuwa doa jeusi lenye kichwa, suti isiyo na mifuko wala vifungo. Mumewe alisikitika kuliko yeye, maana mifuko ile alikuwa ameishona kwa mkono.

Tangu siku hiyo Mama Kivuli alitafuta kamera ya namna moja tu: ile inayoweza kubeba nyeupe na nyeusi kwa mkupuo mmoja bila kuangusha hata moja. Aliazima, akajaribu, akarudisha, mpaka akapata moja kubwa iliyokwishatumika, nzito kama tofali, ambayo mpira wake ulikuwa ukibanduka mpaka mumewe akaishonea koti la ngozi. Aliiita Nene. Kwa Nene, gauni lilikuwa na lesi na suti ilikuwa na mifuko, na fundi alirudi kulala usingizi.

Ng'ambo ya mtaa, uso kwa uso na mlango wake, ndipo alipokuwa Profesa.

Profesa hakuwahi kufundisha popote. Aliitwa hivyo kwa sababu hangeweza kukuuzia hata fremu bila kukueleza asilimia ya mwanga inayopita kwenye kioo chake. Alikuwa mdogo kwa Mama Kivuli, mwembamba, mwepesi wa maneno, na kamera yake nayo ilikuwa ndogo na nyepesi. Aliitunza kama yai. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuishika, hata mkewe. Kumbi zenye taa hafifu zilikuwa ufalme wake, na sifa zake zilivuma kwa picha za usiku zisizo na chenga, vile vidoa vinavyotapakaa picha ikipigwa gizani.

Hao wawili hawakupikika chungu kimoja. Mama Kivuli akisema, "Nene inaona mpaka uzi ndani ya mfuko," Profesa alijibu kutoka kibarazani kwake, "Mchana. Jua likizama, Nene inahitaji miwani." Mama Kivuli naye alimrudishia, "Na hiyo yako ikiona jua inafumba macho." Wateja walinunua soda wakasimama katikati kusikiliza.

Mtu pekee aliyevuka mtaa bila upande alikuwa mke wa Profesa, msusi, aliyekuwa na mimba kubwa na alikuwa karibu kujifungua. Kila mchana alikuja kukaa kwenye stuli ya Mama Kivuli, miguu ameinyoosha mbele ya feni.

"Wewe na mume wangu gombaneni mtakavyo, dada," alisema huku akijipepea kwa bahasha. "Mimi na feni yako tunaelewana."

Basi zikaja habari kwamba Bibi Mkunga anastaafu. Mji mzima ulimjua, na sehemu kubwa ya mji ilimjua kwa kuanguka mikononi mwake. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuamuru na vidole vyepesi. Alikuwa amewapokea watoto wote wa Mama Kivuli, na kabla ya hao alikuwa amempokea Profesa mwenyewe, jambo ambalo Mkunga hakuacha kulitaja Profesa alipozidisha maneno. "Huyu alitoka analia na hajanyamaza mpaka leo."

Kamati ya kumuaga iliundwa, mwenyekiti akiwa mwenye bucha. Walikubaliana mambo mawili. Kwanza, watu wote aliowazalisha na wanaoweza kufika wakusanyike kwenye ua wa wodi ya wazazi, wapigwe picha moja kubwa naye, itundikwe pale wodini. Pili, jioni wahamie ukumbini kwa keki na hotuba. Ila mpiga picha alitakiwa awe mmoja, na waliokuja kikaoni walikuwa wawili.

Profesa alisema kwa ufasaha. Mama Kivuli alisema kwa kelele. Mwenyekiti alifuta jasho kwa leso, akamtazama huyu, akamtazama yule. Mmoja alikuwa mteja wake wa maini na mwingine wa mbavu, hakutaka kumpoteza yeyote. Mwisho akamgeukia Bibi Mkunga, aliyekuwa amekaa pembeni akifuma kofia ya mtoto.

"Mnanitazama mimi?" alisema bila kuinua macho. "Mtoto akizaliwa tunampima, hatubishani juu ya uzito wake. Pimeni kamera zenu, mje na majibu."

Kesho yake mchana walikutana kwenye duka la fundi, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nguo nyeupe kabisa na nguo nyeusi kabisa chini ya dari moja. Fundi alikuwa kasimama na futi shingoni wakati Profesa akimweleza kinachokwenda kulinganishwa.

"Tunachopima hasa, mzee wangu, ni sensa."

Fundi akashusha mkasi. "Sensa tena? Si juzi tu walipita kutuhesabu? Niliwaambia wote, hata shemeji aliyekuja kutembea."

Mke wa Profesa alicheka mpaka akashika tumbo, na Mama Kivuli akamvuta mumewe kando amweleze kwamba hii ni sensa nyingine, kile kibati kidogo ndani ya kamera kinachopokea mwanga mahali palipokuwa pakikaa filamu. Fundi akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema kitu hicho kingetafutiwa jina jingine.

Hakuponyoka kwa hilo. Walimvika suti nyeusi ya mteja, wakampa ashike gauni jeupe la bi harusi lililokuwa likisubiri mwenyewe, wakamketisha kando ya dirisha lililo wazi, jua likimwagika kifuani na bega moja likizama gizani. Kamera zote mbili zilifungwa kwenye miguu mitatu, zikasogezwa mpaka zikaona kitu kilekile, zikapewa lenzi zinazolingana na muda uleule wa mwanga. Kwa hilo Profesa alikuwa mwaminifu, na Mama Kivuli aliliona. Alisogeza hata kamera yake nyuma kidogo kwa sababu, alisema, ilikuwa inapendelewa.

Walipiga. Profesa akahamishia picha kwenye kompyuta yake, akaivuta ile ya Nene mpaka sikio la fundi likajaa skrini.

"Tazameni chenga hizo."

Kweli, kwenye kivuli cha sikio palikuwa na vidoa kama pumba zilizomwagwa. Sikio la kamera ya Profesa lilikuwa safi kidogo. Fundi akagusa sikio lake kwa wasiwasi.

Mama Kivuli aliinama, akatazama skrini kwa muda. "Hapo umenionea, mdogo wangu. Nene ina nukta nyingi zinazounda picha kuliko hiyo yako. Ukizivuta picha zote mbili mpaka nukta ionekane, yangu unakuwa umeisogelea zaidi. Ni sawa na kumlinganisha mtu aliye mlangoni na mtu aliye barabarani. Watu hawatundiki skrini ukutani. Chapa zote kwa ukubwa mmoja, ndipo tuseme."

Profesa alikuna kichwa. "Hilo ni kweli," alisema. "Nilipaswa kulianza hilo."

Mkewe akamtazama kwa mshangao kama mtu aliyesikia cherehani ikiimba.

Walichapa. Kwenye karatasi za ukubwa mmoja zile pumba za Nene zilijibana zikapotea. Kisha wakafanya lile Mama Kivuli alilokuwa akilisubiri. Walirudi kwenye picha zote mbili, wakayainua yale maeneo ya giza mpaka suti ikaonekana, wakachapa tena. Kwenye picha ya Nene gauni lilikuwa na lesi yake yote, na kwenye suti ungeweza kuona mfuko, kifuniko cha mfuko, na mshono wa kifuniko. Kwenye picha ya Profesa gauni lilikuwa limeungua begani, na suti ilipoinuliwa ilitokeza chenga na michirizi myekundu, kama kitambaa kilichonyeshewa kikachuja rangi.

Fundi alibusu kidole, akagusa picha ya Nene pale penye mfuko.

"Sasa fungeni dirisha," alisema Profesa.

Walifunga dirisha, wakashusha pazia, ikabaki taa ndogo ya juu ya cherehani. Kamera zilipandishwa aiso, ile namba inayoiambia sensa iupaze mwanga mdogo iliyoupata. Profesa alilieleza vizuri, hata Mama Kivuli alinyamaza. Ni kama redio, alisema, inayotafuta stesheni ya mbali. Unaongeza sauti umsikie mtangazaji, na mikwaruzo nayo inapanda. Kuna redio zinazokwaruza mapema na kuna zinazochelewa.

Nene ilikwaruza mapema. Hata kwenye karatasi, uso wa fundi ulikuwa kama wa mtu aliyelala kwenye gunia la unga. Kwenye picha ya Profesa ulikuwa uso wa fundi, laini, macho yana mwanga, na kipara kinang'aa pale kinapong'aa siku zote. Mama Kivuli alishika picha hiyo kwa mikono miwili. Hakuwahi kumwona mumewe hivyo kwenye mwanga wa taa yake mwenyewe ya kazini, na alikuwa amemwona pale karibu kila jioni ya ndoa yao.

"Hii nitaichukua," alisema.

"Umeshindwa basi," Profesa akasema.

"Sikusema hivyo. Nimesema nitaichukua."

Picha zote zilipelekwa kwa Bibi Mkunga. Alizipanga mezani, akazitazama kwa kuzigeuza huku na huku, kisha akarudi kwenye kofia yake. "Hawa ni mapacha," alisema. "Mmoja anachangamka mchana, mwingine usiku. Ua wa wodi apewe huyu mama. Ukumbi apewe huyu mliaji wangu. Na siku hiyo sitaki kusikia kelele zenu, nataka kusikia zangu."

Siku yenyewe watu walianza kufika mapema kuliko kamati. Walikuja wazee kwa vijana, waliobeba watoto waliozaliwa mikononi mwa mkunga yuleyule aliyewapokea wao. Walikuja kwa sare za kazi, kwa magauni, kwa fulana. Mapacha walikuja wamevaa nguo tofauti kwa makusudi, wasichanganywe, na bado wakachanganywa. Jua lilikuwa juu kabisa na ua wa wodi ukawaka kama bati. Upande mmoja tu, chini ya paa la baraza refu la wodi, palikuwa na kivuli kizito, na kila aliyeona jua lile akajibanza huko.

Mama Kivuli alipanda ngazi, mumewe akaishika kwa chini. Kwa mara ya kwanza maishani alimwomba kila mtu atoke kivulini aje juani, na kwa mara ya kwanza si wote waliomsikia. Wengi walisogea, ila wa barazani waling'ang'ania, hasa waliochelewa kufika.

Katikati ya watu alikaa Bibi Mkunga katika sare yake nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Profesa, asiye na kazi mpaka jioni, alijikuta akipanga watu, warefu nyuma, wafupi mbele, akiwahesabia mpaka tatu ili wafumbue macho. Baada ya mikupuo ya kwanza alipanda ngazi mbili akachungulia kioo cha Nene.

"Wale wa barazani wamezama," alinong'ona. "Ni weusi tupu. Ongeza mwanga."

"Nikiongeza, sare ya bibi inaungua. Nyeupe ikishaungua haina dawa. Gizani nitarudi kuwatoa."

Profesa alitazama tena, akatafuna mdomo wake. "Kwa sensa hii," alisema polepole, "utawatoa."

Ndipo chini yao ikasikika sauti ya mke wa Profesa, aliyekuwa ameegemea ukuta na keki ya kamati mkononi. "Baba," alimwita mumewe kwa utulivu mkubwa, "shika hii keki."

Profesa aliishika keki. Hakuelewa kwa nini anaishika. Wanawake waliokuwa karibu walielewa wote kwa pamoja, na ua ukafunguka kama maji, njia ikapatikana kutoka ukutani mpaka mlango wa wodi. Bibi Mkunga alikuwa ashasimama.

"Bibi, leo umestaafu," mwenyekiti alimkumbusha.

"Nastaafu saa kumi na mbili," alisema Mkunga, akapandisha mikono ya sare. "Ninyi endeleeni kunywa soda."

Watu hawakuondoka. Mwenyekiti, kwa kutojua afanye nini, alitoa hotuba yake pale uani, na alipoimaliza akaombwa airudie, kwa kuwa wa nyuma hawakusikia. Akairudia, ikawa ndefu zaidi. Jua lilishuka nyuma ya paa. Profesa alikuwa kwenye benchi ndani ya korido ya wodi, keki magotini, kamera yake shingoni. Mama Kivuli alikuja akakaa karibu naye, akamwondolea keki taratibu.

"Sijui nitazame wapi," Profesa alisema.

"Tazama mlango."

Korido ilikuwa na balbu moja ya manjano mwisho kabisa, na mwanga wake ulipofika kwenye mlango wa chumba cha kujifungulia ulikuwa umechoka. Kilio kikatoka ndani, kidogo kwanza, halafu kikubwa chenye madai. Profesa aliinuka, akakaa, akainuka. Kisha akavua mkanda wa kamera shingoni, akauweka mkononi mwa Mama Kivuli.

"Chukua, dada. Mimi mikono yangu haifai kitu leo."

Mama Kivuli aliitazama kamera. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani, na ilikuwa na joto la kifua cha mwenyewe. "Nipandishe aiso mpaka wapi?"

"Usiiogope. Pandisha tu. Haikwaruzi."

Alipandisha. Aliegemeza bega kwenye ukuta, akabana viwiko mbavuni, akatoa pumzi yote. Mlango ukafunguka, na Bibi Mkunga akatokea na kifurushi cheupe mikononi. "Bila zile taa za kumulika," alionya kabla hajavuka kizingiti. "Macho ya huyu ni mapya." Halafu akamwona Profesa amesimama mikono mbele kama mtu anayesubiri kukabidhiwa trei ya glasi, na uso wake wa kuamuru ukalegea wote. Akacheka kicheko kisicho na sauti. Mama Kivuli alibonyeza, akabonyeza tena mtoto alipohama mikono, na mara ya tatu Profesa alipoinamisha uso juu ya kile kifurushi.

"Ni msichana," Mkunga alisema. "Na huyu, tofauti na baba yake, amelia akanyamaza."

Ukumbini walifika kwa kuchelewa na hakuna aliyelalamika. Keki ilikuwa na alama ya kidole gumba cha Profesa, na watu waligombea kipande chenye alama hiyo. Profesa alikuja mara moja tu, akacheza nyimbo mbili bila kamera, watu wakagundua kwamba anajua kucheza, kisha akakimbia kurudi wodini. Sherehe yote ilipigwa na Mama Kivuli kwa kamera isiyo yake. Katikati ya wimbo alijikuta akiielekeza kwenye pembe zenye giza kwa makusudi, ambako vikongwe walikuwa wamekaa wakipiga makofi, na kila alipotazama kioo aliwakuta wote, nyuso na mikunjo na meno yaliyobaki, bila chenga.

Jumatatu Profesa alivuka mtaa. Alikuwa hajalala vizuri na alikuwa na doa la maziwa begani. Walikaa mbele ya kompyuta moja. Kwanza walizifungua za korido. Fundi alikuja kusimama nyuma yao, futi shingoni, akaomba achapiwe yeye moja ya kuweka dukani, kana kwamba ni mjukuu wake.

Halafu wakafungua picha kubwa ya ua. Sare ya Mkunga ilikuwa nyeupe na mikunjo ya pasi ilionekana. Nyuma, baraza lilikuwa shimo jeusi. Mama Kivuli alianza kuinua giza kidogo kidogo, kama mtu anayevuta ndoo kisimani asimwage. Wakatokea viatu. Yakatokea magoti, mikono iliyokunjwa, vifua, kisha nyuso, moja baada ya nyingine, za watu waliodhani wamejificha. Profesa alisogeza kiti mbele. Alitafuta michirizi, akatafuta chenga, akaegemea nyuma.

"Safi," alisema. "Sina la kusema."

"Andika tarehe," mkewe akasema kutoka kwenye stuli, ambako alikuwa akimnyonyesha mtoto mbele ya feni.

Picha ilipochapwa walimwita Bibi Mkunga aje aithibitishe kabla haijawekewa fremu. Alikuja akiwa na kofia ya mwisho aliyoifuma, akamvalisha mtoto, kisha akavaa miwani yake, akaanza kuwapitia watu kwa kidole. Hakutaja majina yao. "Huyu alitanguliza miguu. Huyu mama yake alimzaa akibishana na mimi. Hawa mapacha, wa pili hatukujua kama yupo, baba yake alikaa chini sakafuni." Wateja wa pasipoti waliokuwa wakisubiri walisahau foleni wakaja kumzunguka, na mmoja akajikuta ametajwa kuwa alikuwa na kichwa kikubwa.

Kidole kikapita barazani, kikasimama. Pale, nyuma ya nguzo, alisimama mwanamume mrefu mwenye sare ya udereva wa basi na kofia mkononi. Shavuni, chini ya jicho la kushoto, alikuwa na alama ya kuzaliwa yenye umbo la jani.

Mkunga alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena.

"Huyu alikuja?"

"Alichelewa kufika, nafikiri," alisema Mama Kivuli. "Na aliwahi kuondoka. Sikumwona uani baadaye."

Mkunga akavuta stuli nyingine akakaa. Aliwaeleza kwamba juma lake la kwanza kazini, akiwa msichana mbichi aliyetoka masomoni, alipokea mtoto asiyepumua. Daktari hakuwepo. Alimpulizia kinywani, akamsugua mgongo, akampulizia tena, huku mama wa mtoto ashageukia ukuta. Kila mtu mle chumbani alikuwa amekata tamaa, naye mwenyewe mikono ilikuwa ikiendelea tu kwa sababu haikujua kuacha. Halafu kifua kikapanda. Alama hiyo ya jani ndiyo aliyokuwa akiitazama muda wote, ikigeuka kutoka rangi ya majivu kuwa rangi ya mtu. Familia ikahama mwaka uleule. Hakuwahi kujua kama aliishi mpaka kukua.

"Ningeacha kazi juma lile kama angekufa," alisema. "Hawa wote mnaowaona hapa wangepokelewa na mtu mwingine."

Kumpata dereva hakukuwa kazi ngumu, sare ilikuwa na rangi za kampuni yake, na Profesa alipiga simu mpaka akampata. Alikuja Jumamosi, siku yake ya mapumziko, na mkewe na watoto wawili. Alikuwa mtu wa aibu. Alisema siku ile alikuwa amesimamisha basi kwa dakika chache tu, abiria wakimlalamikia, na aliona watu ni wengi mno kumkaribia Mkunga. Mama yake mzazi ndiye aliyemsimulia habari zake zote, na kumwagiza akipita mji huu amsalimie.

Bibi Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha, kwa kuwa alimfikia kifuani tu, aliweka kiganja chake pale kifuani, juu ya shati, akakiacha. Dereva hakujua afanye nini na mikono yake. Mama Kivuli alikuwa na Nene mkononi, Profesa alikuwa kwenye mlango wa fundi na ile yake. Hakuna aliyeuliza nani apige.

"Vuta pumzi, mwanangu," alisema Mkunga.

Akavuta, ndefu, mpaka mabega yakapanda, na mtoto wake mdogo akamwiga.